Uzee si Jina la Ugonjwa

Mji mdogo wa Himo umekaa penye njia panda. Barabara itokayo Moshi mjini, mwendo usiofika kilomita 30, hugawanyika hapo: tawi moja huenda Holili mpakani na kuingia Taveta nchini Kenya, jingine huelekea kusini kupitia Mwanga na Same, na la tatu hupanda mlima kwenda Marangu, Mwika na Rombo. Kwa sababu hiyo mgonjwa wa upande wa mashariki wa Kilimanjaro anayezidiwa, akipelekwa katika hospitali ya mkoa ya Mawenzi au katika hospitali ya rufaa ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, kwa kawaida hupitishwa Himo.

Katika safari hiyo wazee si haba. Wana wa Uchaggani wametawanyika Arusha, Dar es Salaam na kwingineko kutafuta riziki, na wazazi wao wamebaki kwenye vihamba wakitunza migomba, kahawa na ng'ombe wa zizini. Mwezi Desemba, wana hao warudipo nyumbani kwa sikukuu, ndipo wengi wao hugundua kwamba mambo yamebadilika. Baba aliyekuwa akisimulia mavuno ya kahawa ya miaka arobaini iliyopita sasa anamwita mwanawe kwa jina la ndugu aliyekwisha fariki. Mama aliyekuwa akishuka sokoni kwa miguu sasa haondoki kitandani. Wakiuliza, hujibiwa na majirani, na pengine hata na watumishi wa afya, kwamba huo ni uzee tu.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo huficha maradhi mengi yanayoweza kutambuliwa, na baadhi yake kuponywa kabisa, kwa njia ambazo si za gharama kubwa.

FUNZO LA HOMA

Kabla ya kuingia katika habari za wazee hasa, yafaa tutazame kosa jingine la namna hiyohiyo ambalo limechunguzwa kwa makini katika hospitali zetu za kaskazini. Kwa miaka mingi mtu mwenye homa kali alihesabiwa kuwa ana malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na mara nyingi hakuna aliyejishughulisha kuthibitisha. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki ya Tanzania. Wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wagonjwa wa malaria kali walichukuliwa damu, nayo ikapimwa upya kwa darubini kwa uangalifu mkubwa. Waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa 2,062, yaani chini ya nusu.

Lakini jambo zito zaidi lilionekana katika hesabu ya vifo. Miongoni mwa waliokuwa na vimelea, walikufa 6.9 kwa kila 100. Miongoni mwa wale ambao hawakuwa na vimelea walikufa 12.1 kwa kila 100. Wasiokuwa na malaria, ambao walikuwa wakitibiwa malaria, ndio waliokufa zaidi; na wengi miongoni mwao hawakupewa hata dawa za kuua bakteria.

Uchunguzi mwingine ulifanywa Moshi penyewe, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, mwaka 2007 na 2008. Wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, watoto na watu wazima, walipimwa kwa vipimo vingi vya maabara. Walioandikiwa malaria walikuwa 528. Waliothibitika kwamba malaria ndiyo iliyosababisha homa yao walikuwa 14. Wengine walikuwa na bakteria katika damu. Aidha, katika takriban robo ya waliofanyiwa vipimo vya maradhi ya bakteria yatokayo kwa wanyama, maradhi hayo yalionekana: leptospirosisi, ambayo tangu mwaka 2022 Watanzania wengi wameizoea kwa jina la homa ya Mgunda, bruselosisi, homa ya Q, na homa ziletwazo na kupe. Kwa watu ambao zizi la ng'ombe na mbuzi liko hatua chache kutoka mlangoni, pengine hilo lisingepasa kumshangaza mtu.

Tangu hapo vipimo vya haraka vya malaria vimeenea mpaka katika zahanati, na jina la malaria halitolewi tena kirahisi kama zamani. Kwa upande wa uzee hatuna bahati hiyo. Hakuna kipimo cha tone la damu kitakachomwonyesha tabibu kwamba alichokiita uzee sicho. Jina likishatamkwa hubaki, na upelelezi husimama.

NAMNA UGONJWA UNAVYOJIFICHA

Mwili wa mzee hautoi taarifa za ugonjwa kwa namna tuliyoizoea kwa vijana. Kijana mwenye homa ya mapafu, ambayo wengi huiita kichomi, hukohoa, huchomwa ubavuni na hupata joto kali. Mzee wa miaka 80 mwenye ugonjwa huohuo anaweza asikohoe, na kipimajoto kionyeshe joto la kawaida, kwa kuwa uwezo wa mwili wake wa kupandisha joto umepungua. Dalili anazotoa ni za namna nyingine: ameacha kula, ameanguka mara mbili katika juma moja, amejikojolea, au maneno yake hayaeleweki. Hali kadhalika mshtuko wa moyo unaweza kumpata mzee pasipo maumivu ya kifua, ila kwa kuishiwa pumzi na kulegea mwili.

Sababu ni kwamba kila kiungo kimetumia sehemu ya akiba yake. Uwezo wa figo wa kuchuja damu hupungua pole pole, na kwa watu wengi wenye miaka 80 unaweza kuwa karibu nusu tu ya ule waliokuwa nao ujanani. Hisia ya kiu hudhoofika, hivyo mzee huweza kukaukiwa maji bila kuomba maji. Wakati wa afya akiba hiyo iliyopungua hutosha kwa kazi za kila siku, na hakuna anayeuona upungufu. Ugonjwa mdogo unapoingia, kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachotangulia kushindwa. Kwa wazee wengi kiungo hicho ni ubongo. Kwa hiyo ugonjwa ulioanza katika kibofu au mapafuni hujionyesha kwanza katika akili.

KUWEWESEKA

Kiswahili kina neno kuweweseka, yaani kusema ovyo katika usingizi au katika homa. Hapa tutalitumia kwa hali ambayo madaktari wameielezea kwa kirefu: mchafuko wa akili unaoanza ghafla, kwa saa au siku chache, ambao hupanda na kushuka katika siku hiyo hiyo, na ambao alama yake kuu ni mgonjwa kushindwa kukazia fikra jambo moja. Njia nyepesi ya kuipima ni kumwomba mgonjwa ataje siku za juma kinyumenyume. Mzee ambaye hakupata kwenda shule hata siku moja huweza kufanya hivyo akiwa mzima. Anayeweweseka atataja mbili au tatu, kisha atapotea njia.

Hali hii ina sura mbili. Ya kwanza hujulikana na kila mtu: mgonjwa hupiga kelele, hung'oa mpira wa dripu, huona watu ambao hawapo. Ya pili ni ya kimya. Mgonjwa hulala tu, hajibu upesi, hali, na hamsumbui mtu. Katika wodi yenye wagonjwa wengi na wauguzi wachache, huyu wa pili ndiye anayesahauliwa, ilhali hatari yake si ndogo kuliko ya mwenzake. Uchunguzi uliofanywa KCMC miongoni mwa wagonjwa waliolazwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi ulionyesha kwamba takriban mmoja kati ya kila watano alikuwa katika hali ya kuweweseka, na kwamba hali hiyo ilifuatana na vifo zaidi.

Nini husababisha? Mara nyingi ni mambo kadhaa kwa pamoja: maambukizo ya mapafu au ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, chumvi ya damu isiyo sawa, maumivu yasiyotulizwa, hata kufunga choo kwa siku nyingi. Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi jambo lilivyo. Mwanamume mzee ambaye tezi dume yake imevimba huweza kuzibika mkojo pole pole. Kibofu hujaa mpaka tumbo la chini huwa gumu kama boga. Hawezi kueleza, kwa kuwa ameshaanza kuchanganyikiwa. Anapayapaya na kujaribu kushuka kitandani. Akipewa dawa ya usingizi ili atulie, hali huzidi. Mtumishi akiweka mkono juu ya tumbo lake na kuligundua tatizo, mpira wa mkojo ukawekwa, huenda akili ikaanza kurudi kabla jua halijatua. Mkono uliowekwa tumboni hauna gharama yoyote.

Dawa zenyewe ni chanzo kikubwa, na hapa pana haja ya kusema wazi. Piriton, ambayo hununuliwa dukani kwa mafua au kuwashwa, ina kawaida ya kuzuia kemikali inayotumiwa na ubongo katika kukumbuka na kuzingatia. Kijana humletea usingizi tu, mzee huweza kumchanganya akili. Diklofenaki na jamaa zake, zinunuliwazo kwa maumivu ya magoti, huweza kudhuru figo na kutoboa tumbo, na hatari hukua kadiri umri unavyokua. Glibenklamidi, dawa ya kisukari iliyotumika sana nchini, huweza kushusha sukari ya mzee aliyeruka mlo na kumwacha akiwa hajitambui alfajiri. Mzee mwenye maradhi matatu aliyetibiwa mahali patatu anaweza kuwa na mfuko wenye dawa za namna nane, na hakuna hata tabibu mmoja aliyeziona zote pamoja.

YALIYOONEKANA HAI

Msomaji asidhani kwamba maarifa haya yote yameletwa kutoka ng'ambo. Upande wa magharibi wa mlima huu, katika Wilaya ya Hai, maradhi ya uzeeni yamechunguzwa kwa kina kuliko katika sehemu nyingi za Afrika. Kazi hiyo ilianza mwaka 1992, Wizara ya Afya ilipoanzisha mradi wa kufuatilia maradhi na vifo vya watu wazima katika Hai, Morogoro Vijijini na Dar es Salaam. Kaya zilihesabiwa, na kila kilipotokea kifo, mtumishi aliyefunzwa alikwenda msibani baada ya siku zinazostahili, akawauliza jamaa kwa adabu dalili alizokuwa nazo marehemu. Majibu yalipelekwa kwa madaktari, nao wakaamua sababu ya kifo.

Wengi walitazamia kwamba kiharusi kingeonekana kuwa ugonjwa wa mataifa tajiri. Takwimu za mwaka 1992 hadi 1995 ziliikanusha dhana hiyo. Miongoni mwa wanaume wenye umri wa miaka 15 hadi 64 katika Hai, kiharusi kiliua 44 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na wanawake 33. Katika Uingereza na Wales mwaka 1993 idadi hizo zilikuwa takriban 11 na 9. Ugonjwa tuliouona kuwa wa wengine ulikuwa unatuua sisi mara nne zaidi. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti wakarudi kuhesabu si vifo tu bali wagonjwa wapya, wakakuta Hai kiasi cha 94.5 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. (Jambo la kuvutia ni kwamba watu wa Hai walipoulizwa chanzo cha kiharusi walitaja zaidi shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na fadhaa, waliotaja mapepo na uchawi kwa wingi walikuwa wakazi wa Dar es Salaam. Wale wenye desturi ya kuwasemea watu wa vijijini yawapasa kulifikiri hilo.)

Shinikizo la damu ndilo lililo nyuma ya sehemu kubwa ya vifo hivyo. Wazee wa Hai wenye umri wa miaka 70 na zaidi, zaidi ya 2,200, walipopimwa, takriban 70 kati ya kila 100 walikuwa na shinikizo lililopanda. Wengi hawakujua, na miongoni mwa waliojua na kupewa dawa, wachache tu shinikizo lao lilikuwa limeshuka inavyotakiwa. Katika uchunguzi mwingine watafiti waliwatafuta wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, katika watu 161,071. Walipata 33, na walio wengi walikuwa hawajapata kutambuliwa wala kutibiwa na mtu yeyote. Ugonjwa huo una dawa. Haiuponyi, lakini humwezesha mtu kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Watu hao walikuwa wakiitwa wazee tu.

Mwaka 2009 na 2010 ikaja zamu ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ule unaoharibu akili pole pole kwa miaka, tofauti na kuweweseka kunakoanza ghafla. Wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi walichunguzwa. Baada ya hesabu kulinganishwa kwa umri, wagonjwa walikuwa 6.4 kwa kila 100, kiasi kisichotofautiana sana na cha nchi tajiri.

Katika kazi hii palizuka tatizo ambalo linafaa kuelezwa. Vipimo vya kumbukumbu vilivyotungwa Ulaya na Marekani humtaka mtu aandike sentensi, achore umbo kwa kalamu au ataje tarehe. Bibi ambaye hakushika kalamu maisha yake yote atashindwa, naye ni mzima. Ndipo kikaundwa kipimo kifupi chenye alama 15, kilichojaribiwa Hai na baadaye hospitalini. Mzee huulizwa daraja ni nini, kiongozi wa kijiji ni nani, leo ni siku gani. Hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo katika dakika moja. Hukumbuka maneno 10 aliyosomewa. Kisha hupewa njiti za kiberiti apange umbo kama aliloonyeshwa. Kwa dakika chache, muuguzi asiye bingwa huweza kujua ni nani anayehitaji kuchunguzwa zaidi. Na kwa wale walioonekana kuwa wagonjwa, Hai ilijaribiwa tiba isiyo ya vidonge: vikundi vidogo hukutana mara 14 katika wiki 7 kwa mazungumzo, nyimbo na michezo iliyopangwa kuchangamsha akili. Jaribio lilikuwa dogo, lilihusu watu 34, lakini akili na hali zao zilionyesha nafuu.

KAZI YA WODINI

Fikra ya kwamba mzee mgonjwa achunguzwe upya, badala ya kuachwa kitandani, ina historia yake. Mwaka 1935 daktari mwanamke aitwaye Marjory Warren, wa hospitali ya West Middlesex karibu na London, alikabidhiwa wagonjwa 714 waliokuwa katika jengo la maskini jirani na hospitali hiyo. Wengi walikuwa wamelala miaka bila kuchunguzwa. Alimchunguza kila mmoja, akawagawa kwa mahitaji yao, akawatoa kitandani walioweza kutoka, na wengi wakarudi kwao. Kutokana na kazi hiyo lilizaliwa tawi la utabibu wa wazee.

Leo njia yake imepimwa kwa hesabu. Mwaka 2017 majaribio 29 yenye wagonjwa 13,766 katika nchi tisa yaliunganishwa: wazee waliochunguzwa kwa ukamilifu na kikundi cha watumishi, yaani maradhi, dawa, mwendo, akili, lishe na hali ya nyumbani, walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai na kukaa makwao miezi kadhaa baadaye. Nchini kwetu mabingwa wa maradhi ya wazee ni wachache mno, na haifai kuwasubiri. Sehemu kubwa ya uchunguzi huo inaweza kufanywa na tabibu wa kituo cha afya na muuguzi wake.

Yafuatayo pia yalithibitishwa. Katika hospitali moja ya New Haven, Marekani, wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi walifuatiliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Nusu yao walipewa huduma ya kawaida. Nusu walikumbushwa mara kwa mara siku na mahali walipo, wakatembezwa, wakanyweshwa maji, wakapewa miwani na visaidizi vyao vya kusikia, na usingizi wao ukalindwa usiku. Walioweweseka katika kundi la kwanza walikuwa 15 kwa 100; katika la pili hawakufika 10. Hakuna dawa iliyotumika.

Huko Marekani kazi hiyo ilifanywa na watu waliofunzwa na kusimamiwa kwa ajili hiyo. Katika hospitali zetu mzee aliyelazwa karibu kila mara ana binti au mkamwana anayemletea uji na kumgeuza. Huyo mara nyingi huhesabiwa kuwa kero, huondolewa wodini saa za kutazama wagonjwa zikiisha, na haambiwi lolote. Kwa maoni ya mwandishi, hapa tunaipoteza rasilimali ambayo wengine wanailipia fedha. Binti huyo ndiye anayejua kwamba juzi mama yake alikuwa akizungumza vizuri, na habari hiyo moja huweza kutenganisha kuweweseka na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kuliko kipimo chochote cha maabara. Akiambiwa, atamnywesha maji kila saa, atamkalisha, atamvalisha miwani, na kama mama hawezi kujigeuza atambadilisha ubavu kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Hospitali ikimpa nafasi hiyo kwa utaratibu, na maelekezo ya dakika kumi, haitahitaji fungu jipya la fedha.

Kuhusu gharama, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza wenye miaka 60 na zaidi, na madirisha yenye maandishi ya kumpisha mzee kwanza yanaonekana katika vituo vingi. Ahadi hiyo humfikisha mzee mbele ya tabibu. Lakini dirisha la wazee lisilo na dawa ya shinikizo la damu humrudisha dukani, na nauli ya kutoka Rombo hadi Moshi haikutajwa na dirisha lolote.

WASIOPONA

Wako wagonjwa ambao hata upelelezi ulio bora utaishia katika saratani iliyoenea au moyo uliochoka. Kwa hao kazi ya utabibu haijaisha. Tiba shufaa ni jina la huduma ya kutuliza maumivu, pumzi fupi, kichefuchefu na hofu, pale ambapo ugonjwa wenyewe hauondoki. Hospitali ya kwanza ya kisasa ya namna hiyo ilifunguliwa London mwaka 1967 na Cicely Saunders. Nairobi ilipata yake mwaka 1990, na Kampala mwaka 1993 kwa juhudi za daktari Anne Merriman. Uganda ikaenda mbele zaidi: mwaka 2004 iliruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliofunzwa kazi hiyo kuandika morfini, kwa kutambua kwamba vijijini daktari hayuko.

Morfini ya maji, inywewayo kwa mdomo, ni dawa rahisi kutengeneza na bei yake si kubwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 1986: dawa itolewe kwa mdomo inapowezekana, kwa saa zilizopangwa bila kungoja maumivu yarudi, na ipande kwa ngazi kufuatana na ukali wa maumivu. Vikwazo vikubwa viko kwingine. Kuna sheria za dawa za kulevya zilizotungwa kwa ajili ya wahalifu, na kuna hofu ya watumishi kwamba mgonjwa atazoea. Hofu hiyo ya pili haina msingi mkubwa kwa mtu mwenye saratani anayepewa kipimo sahihi kwa ajili ya maumivu yake. Linalotokea karibu kwa kila mgonjwa ni kufunga choo, na kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huanzishwa siku moja na morfini.

Mgonjwa wa namna hii hana haja ya kushushwa kutoka Marangu hadi Himo, na kutoka Himo hadi Moshi, kila juma. Anachohitaji ni chupa isiyokauka, muuguzi anayepanda kumwona, na jamaa aliyeelezwa vizuri. Morfini ya maji hudumu mwilini kwa saa nne hivi, kwa hiyo hupewa kila saa nne mchana. Kipimo cha wakati wa kulala, kwa maelekezo ya mtaalamu, huongezwa maradufu, ili mgonjwa apite usiku bila kuamshwa na yule anayemuuguza naye apate kulala.